Waliohesabiwa Mara Mbili

Simu ya chumba cha kutoboa ilikuwa ukutani kando ya mlango, na juu yake palitundikwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: HAPA NDANI HAKUNA MAMA WA MTU. Kiwanda kilitengeneza vifungo vya nguo, na kifungo kisicho na matundu hakifungi kitu, kwa hiyo chumba hicho ndicho kilichobeba kiwanda kizima. Mashine zake zote ziliendeshwa na mkanda mmoja mrefu uliopita juu ya vichwa vya watu. Ukisimamisha moja umezisimamisha zote. Msimamizi aliamini kwamba mtu anayewaza homa ya mtoto hutoboa kidole badala ya kifungo, na alikuwa na mifano miwili aliyopenda kuisimulia wakati wa chai.

Kwa hiyo kila asubuhi watoboaji waliacha watoto wao mlangoni, kama watu wengine wanavyoacha miavuli. Anayefika alitaja majina ya wanawe kwa sauti ndogo kwenye benchi la nje, kisha akaingia, asiyatamke tena mpaka king'ora cha jioni. Wanaume walijifanya kibao hakiwahusu kwa kuwa kimetaja mama tu, lakini nao walitaja na kunyamaza. Shule ikipiga simu, msimamizi alipokea, akasema, "Hapa hakuna mama wa mtu," akakata. Hakuwa mtu mbaya. Aliyemlalamikia alipewa methali ileile kila siku, mshika mbili moja humponyoka, pamoja na kipande cha mkate wake mwenyewe.

Miongoni mwa watoboaji alikuwapo mwanamke aliyeitwa Shoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kuapa. Mkono wa mashine ulikuwa upande wa kulia, basi yeye alisimama kiubavu miaka yote hiyo, na hakuna aliyetoboa vifungo vilivyonyooka kumshinda. Nyumbani alikuwa na binti wa sekondari, mwana mdogo mwenye kifua kibovu, na mama mkwe mwenye ulimi mkali. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi. Kazi ilimpata, ikamshika, na tangu hapo haijamwachia hata aandike barua.

Mwezi huo Shoto alikuwa pabaya. Chumba walichopanga, dakika chache kwa miguu kutoka kiwandani, kilikuwa kimeuzwa pamoja na nyumba yake yote, na mwenye nyumba mpya alitaka kuibomoa mwisho wa mwezi. Chumba kingine alichokipata kilikuwa ng'ambo ya kituo cha mwisho cha basi, mahali ambapo basi la kwanza huondoka wakati king'ora cha kiwanda kimeshalia. Ukikaa kule, hufanyi kazi huku. Ukifanya kazi huku, hukai kule. Alikuwa ameizungusha habari hiyo kichwani mpaka ikalainika, lakini haikubadilika.

Ndipo likatoka tangazo. Kiwanda kilikuwa kimemaliza kujenga nyumba moja ya mfanyakazi nyuma ya ukuta: vyumba viwili, bomba la maji ndani ya jiko, na mlango unaotazamana na mlango wa chumba cha kutoboa. Ingetolewa kwa bahati nasibu. Angeruhusiwa kushiriki kila mfanyakazi aliye mtoboaji, au anayelea mtoto.

Watu waliingiwa na wazimu wa furaha. Watu waliokuwa hawasalimiani walianza kusalimiana. Shoto alichungulia dirishani kwenye nyumba ile wakati wa chai, akaona lile bomba linang'aa, akarudi mashineni na moyo unamdunda hadi kwenye viwiko. Siku hiyo alitoboa vifungo vingi kuliko siku yoyote, na vyote vilinyooka.

Karani wa kiwanda alikuja uani kuhesabu washiriki. Alikuwa mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alijulikana kwa kujumlisha bila kusogeza midomo.

"Watoboaji, mikono juu!" alisema. Akapata kumi na wanane.

"Haya, shusheni. Wenye watoto, mikono juu!"

Uani hapakuwa chumbani, kwa hiyo kibao hakikuwa na nguvu pale. Mikono ilipanda, mingine polepole. Akapata kumi na sita. Shoto aliinua mkono wake wa kushoto mara zote mbili, na mara zote mbili karani alimwelekezea kalamu.

"Kumi na wanane na kumi na sita, thelathini na wanne," alisema karani.

"Lakini sisi wote tukikusanyika hatuzidi thelathini," alisema mzee mmoja wa chumba cha kupaki vifungo, ambaye hakuwa mtoboaji wala mzazi, na kwa hiyo alikuwa na muda wa kufikiri.

"Hesabu ni hesabu, mzee wangu."

Mgala muue na haki yake umpe: karani alijumlisha sawasawa. Jambo moja tu hakuliwaza, kwamba mtu aweza kuwa mtoboaji na mzazi kwa wakati mmoja. Angeliwazaje? Alipita mbele ya kile kibao kila siku. Meneja alitia sahihi kwenye thelathini na wanne, akapiga muhuri, na muhuri ule ulikuwa mzito.

Asubuhi iliyofuata Shoto aliamka, akanyoosha mkono wa kushoto kushika birika la chai, akagongana na mkono mwingine wa kushoto. Alikuwa yeye. Walitazamana kidogo, kisha wakaangalia birika, kwa sababu maji yalikuwa yanamwagika.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani akifunga kilemba. Aliwatazama wote wawili kutoka juu hadi chini.

"Afadhali," alisema. "Mmoja akateke maji."

Ilieleweka mara moja nani ni nani. Mmoja alikuwa ameshashika mfuko wa kazi na alikuwa anasikiliza king'ora. Mwingine alikuwa ameshaweka kiganja kwenye mgongo wa mwana mdogo, anasikiliza kifua. Yule wa kwanza alibusu watoto, akaenda kazini. Yule wa pili alibaki.

Langoni mlinzi alihesabu watu thelathini, kama kila siku, kwa sababu wale wa ziada walikuwa majumbani mwao na watoto. Walikuwa tisa. Baba mmoja mtoboaji aliyeitwa Kipara alieleza kwamba naye aliamka akiwa wawili, wakagombea jozi moja ya viatu, na mtoboaji ndiye aliyeshinda kwa kuwa ana haraka zaidi. Watu walicheka. Jikoni waliuliza kama kutahitajika vikombe vya ziada, wakaambiwa bado.

Hapo ndipo zilipoanza siku ambazo Shoto hakuwahi kuziona tangu azaliwe. Jumanne mwana mdogo alibanwa kifua saa nne za asubuhi. Mama yake alimbeba, akakimbia naye zahanati, akakaa naye mpaka pumzi ikatulia, na wakati huohuo mashine yake ilikuwa inazunguka na vifungo vinashuka kwenye sanduku. Jumatano kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Shoto hakuwahi kuhudhuria hata mmoja. Safari hii alikaa mstari wa mbele, akauliza maswali matatu, na mwalimu wa hesabu akamwambia, "Kumbe wewe ndiye mama yake! Binti yako ana kichwa." Alirudi akipiga hatua kubwa, akitaka kumsimulia kila anayekutana naye njiani, hata wauza mkaa.

Jioni mtoboaji aliporudi, walikaa wawili kitandani, magoti yakigusana, wakaambiana siku yao. Mmoja alisema kifua, mkutano, kiatu cha mtoto kimeanza kubana. Mwingine alisema mkanda ulikatika, Kipara aliimba, kifungo kimoja cha kijani kilitoka kizuri mpaka nikaona uchungu kukitupa sandukuni. Wakishamaliza kusimuliana, kila mmoja alikuwa nayo siku nzima, ya huku na ya kule. Walilala kwa kushikana mikono, na aliyeingia gizani asingejua kama kitandani kuna mtu mmoja au wawili.

"Ng'ombe hashindwi na nunduye," alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka wake. "Ila hii ni mara ya kwanza naona nundu imejibeba yenyewe."

Binti alikuwa na mtihani wa hesabu za uwezekano Ijumaa, na bahati nasibu ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi jioni alikuwa hatulii hata kidogo. Alichukua vifungo kumi vyenye kasoro ambavyo mama yake alikuwa ameruhusiwa kuvileta nyumbani, akavitia kwenye sufuria.

"Mama, kaeni hapa. Wote wawili. Bibi, na wewe sogea."

"Mimi nimesomea wapi hesabu?"

"Sogea tu, Bibi. Humu kuna vyekundu vinne na vya bluu viwili. Vinavyobaki ni vya rangi nyingine. Nikiingiza mkono bila kutazama, nafasi ya kutoa chekundu au cha bluu ni ngapi?"

"Vinne na viwili, sita," alisema mama wa nyumbani. "Sita katika kumi."

"Umejumlisha tu, na umepata. Kwa nini imewezekana? Kwa sababu chekundu hakiwezi kuwa cha bluu."

"Hata ukikiombea," alisema bibi.

"Hata ukikiombea! Mwalimu anayaita matukio yasiyokutana. Likitokea hili, lile haliwezi kutokea. Hayo unajumlisha moja kwa moja, hakuna hatari." Binti alikuwa amepiga magoti sasa, mashavu yanawaka. "Haya, sikilizeni hapa. Vyekundu ni vinne. Vifungo vikubwa ni vitano. Nafasi ya kutoa chekundu au kikubwa?"

"Tisa," alisema bibi haraka, kwa kuwa alikuwa ameanza kunogewa.

"Vipangeni."

Walivimwaga mkekani, wakavipanga. Mwana mdogo alivihesabu kwa kidole, na vilikuwa saba. Alivihesabu tena. Saba.

"Hivi viwili," alisema mtoboaji, akavigusa kwa kidole chake cha kushoto. "Ni vyekundu, na ni vikubwa. Umevihesabu kwenye vyekundu, ukavihesabu tena kwenye vikubwa."

"Ndiyo! Hivi vimekutana! Kwa hiyo unajumlisha, halafu unatoa waliohesabiwa mara mbili. Unawatoa mara moja tu, Mama, si mara mbili, maana wakitoka mara mbili watakuwa hawapo kabisa. Vinne, na vitano, toa viwili. Saba."

Wote waliviinamia vile vifungo viwili.

"Karani hakutoa," alisema mama wa nyumbani.

"Hakutoa. Ndiyo maana mko hapa."

"Sasa mbona sisi sufuriani tumesema tisa na vifungo havikuzaana?" aliuliza bibi.

"Bibi, sisi hatuna muhuri."

Jibu hilo lilimridhisha. Lakini binti hakuwa amemaliza. Alikuwa anatafuta kalamu, anaangusha vitu. Kila mshiriki angekuwa na kifungo kimoja kwenye ndoo, alisema. Karani angehesabu vizuri, washiriki wangekuwa ishirini na watano, na mama angekuwa na nafasi moja katika ishirini na tano. Sasa ndoo ina vifungo thelathini na vinne, na viwili ni vya mama: kimoja cha mtoboaji, kimoja cha mzazi.

"Nyumba ni moja. Hamuwezi kushinda wote wawili, sivyo? Ukishinda wewe, yeye hajashinda. Hayo ni matukio yasiyokutana, kwa hiyo hapa tunajumlisha bila kutoa kitu. Mbili katika thelathini na nne. Moja katika kumi na saba!" Aliruka mpaka taa ikatikisika. "Mama, nafasi yenu imekua!"

Mwana mdogo aliruka pia, bila kujua ni kwa nini. Bibi alipiga makofi. Mama wawili walikumbatiana kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu mwenye nyumba alipokuja na habari ya kubomoa, Shoto alicheka mpaka akakaa chini, pande zote mbili.

Usiku ule aliiota nyumba. Aliota mtoboaji anatoka kazini, anavuka ua, na mama anamfungulia mlango, na chai iko tayari, na siku inasimuliwa ingali moto.

Jumamosi watu walijaa uani na familia zao, wamevaa nguo za kutokea. Kwa mara ya kwanza wote thelathini na tisa walikuwa mahali pamoja, na safari hii jikoni walitoa vikombe tisa zaidi. Kipara mmoja alikuja na viatu, mwingine bila, na wakawa wanapokezana. Binti alikuwa ametoka kwenye mtihani wake akiwa na uhakika mkubwa, na alisimama mbele kabisa, kidole mdomoni. Karani alishika ndoo. Vifungo vilikuwa na majina upande mmoja na aina ya mshiriki upande wa pili. Meneja alifunga macho, akazamisha mkono, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa mtu anayependa kutazamwa.

"Shoto," alisoma.

Kelele iliyopigwa ilisikika mpaka barabara kuu. Mama mkwe alirusha kilemba. Binti alimkumbatia mtu asiyemjua. Mama wawili walishikana mikono ya kushoto, wakaanza kuelekea mbele, wakilia waziwazi. Hata msimamizi alipiga makofi. Alimpenda mtoboaji wake. Meneja aligeuza kifungo kusoma upande wa pili.

"Mzazi," alisema. "Ni yupi mzazi?"

"Mimi," alisema mama wa nyumbani.

"Hongera sana, mama. Unafanya kazi chumba gani?"

Tangu muhuri ulipopigwa alikuwa hajatoboa kifungo hata kimoja.

"Niko nyumbani na watoto," alisema. "Lakini huyu hapa ndiye mimi. Yeye anatoboa."

"Nyumba ni ya mfanyakazi, mama."

"Ndiyo. Huyu ni mfanyakazi."

"Kifungo chake hakikutoka."

Meneja, ambaye hakutaka kumdhulumu mtu siku ya sherehe, alimgeukia mtoboaji.

"Wewe una watoto?"

"Ninao wawili. Wale pale."

Meneja alimtazama msimamizi. Msimamizi alivua kofia. Ilionekana wazi kwamba hapendi kuulizwa.

"Chumbani kwangu hakuna mama wa mtu, bosi," alisema. "Kibao kipo."

"Ni mtu mmoja!" Binti alipiga kelele. "Ni mama yangu, ni mmoja!"

Karani alikohoa. Alisema kwa upole kwamba kama ni mtu mmoja, basi idadi ya washiriki haikuwa thelathini na wanne, na karatasi yenye muhuri ina makosa, na bahati nasibu yote ni batili. Kama ni wawili, karatasi ni sahihi, lakini aliyeshinda si mfanyakazi. Alilieleza jambo hilo vizuri, na alionekana kuumia.

Meneja alifikiri. Karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri. Aliweka kile kifungo mfukoni, akazamisha mkono tena, na safari hii hakukoroga. Alishinda kijana mmoja mtoboaji, asiye na mke, mtoto wala paka. Alikuwa kijana mwema. Alimfuata Shoto, wote wawili, akasema, "Dada, samahani," mara mbili, mara moja kwa kila mmoja. Kisha akapewa ufunguo.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Bibi alikuwa na kilemba mkononi. Binti alikuwa analia kwa hasira, kilio kile kinachokuja na kwikwi.

"Mwalimu alisema matukio yasiyokutana yako hivyo yenyewe," alisema. "Chekundu na bluu. Hakutuambia kuna mengine yanatenganishwa na watu."

"Nyamaza, mwanangu," walisema mama zake kwa pamoja.

Karani hakulala vizuri. Jumatatu alikwenda chumba cha kutoboa na kalamu zake tatu, akamwambia msimamizi kwamba ameona kosa lake. Alitaka kulirekebisha. Alihitaji idadi moja tu ili aitoe kwenye thelathini na nne: watu ambao ni watoboaji na pia ni wazazi.

Msimamizi alinyoosha kidole juu ya simu.

Karani alikisoma kile kibao kama vile hakuwahi kukisoma. Kisha aliandika alichopewa, ambacho ni sifuri. Thelathini na nne toa sifuri. Meneja alitia sahihi, akapiga muhuri, na hesabu ikafungwa.

Mwisho wa mwezi nyumba ilibomolewa. Mama wa nyumbani alipakia magodoro, masufuria, watoto na mama mkwe kwenye gari la kubebea mizigo, wakaenda ng'ambo ya kituo cha mwisho. Mtoboaji alipewa kitanda juu ya chumba cha kupaki, pamoja na Kipara na wengine ambao nao walikuwa wamebaki upande mmoja. Alikuwa akienda kule siku za mapumziko. Mwanzoni alikwenda kila mara. Walikaa magoti yakigusana, wakaambiana, lakini sasa zilikuwa siku nyingi za kusimulia kwa jioni moja, na kila mmoja alianza kuruka mambo. Mama akaacha kusimulia viatu. Mtoboaji akaacha kusimulia rangi. Halafu kazi ikazidi, kukawa na zamu za ziada hata siku ya mapumziko, na mtoboaji akasema atakwenda wiki ijayo. Asubuhi kwenye benchi la nje alitaja majina ya watoto kama kawaida. Baadaye alitaja moja, akasimama kidogo, akaingia. Baadaye alipita tu.

Kiwanda kilifurahi. Vifungo havikuwahi kunyooka vile. Msimamizi aliwaambia wageni kwamba siri ni kuchagua jambo moja, na akawapa mkate.

Matokeo ya mtihani yalitoka siku ya jua kali. Binti alikuwa amepata maswali yote, likiwamo la mwisho ambalo darasa zima lilikosa, lile la kutoa waliohesabiwa mara mbili. Alikimbia kutoka shuleni bila kusimama, akamwonyesha mama, akamwonyesha bibi, akakumbatiwa na kurushwa juu, na mwana mdogo akaruka mpaka akaanza kukohoa. Kisha binti alikimbia tena mpaka dukani kwenye simu, kwa sababu furaha ile ilikuwa haijafika kote. Akabonyeza namba ya kiwanda.

Msimamizi alipokea.

"Naomba kuongea na mama yangu," alisema binti, akihema. "Shoto. Anayetoboa. Mwambieni nimepata yote!"

Msimamizi aligeuka, akamtazama mwanamke aliyesimama kiubavu kwenye mashine yake. Alimtazama vizuri, kwa kuwa sauti ile ilikuwa na furaha na yeye hakuwa mtu mbaya.

"Shoto," aliita juu ya kelele za mkanda. "Una mtoto wa kike?"

Shoto alifikiri kwa uaminifu, mkono wa kushoto ukiwa hewani.

"Hapana," alisema. "Kwa nini, kuna nini?"

"Hapa hakuna mama wa mtu," msimamizi alisema kwenye simu, na katika miaka yote ya kile kibao, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyosema kweli. Akakata. "Hakuna kitu. Wamekosea namba."

Shoto akachukua kifungo kingine. Kilikuwa chekundu, kikubwa. Akakitoboa.